Kwa Nini Mfumo wa Simu Yako Husomwa Tu, na Kwa Nini Usikubali Fundi Aufungue

Je, umewahi kupeleka simu kwa fundi kwa sababu imejaa, naye akakuambia, "Niachie nusu saa tu, nitairuti, zile programu zilizokuja nayo zote zitoke"? Bei yake si mbaya, na kusema kweli simu hurudi ikiwa nyepesi. Halafu jioni unafungua programu ya malipo ulipie mzigo, nayo inakataa. Inakuambia kifaa hiki si salama. Hapo swali huwa ni moja: simu ni yangu, pesa ni zangu, kwani shida iko wapi?

Shida iko kwenye kitu ambacho wengi wetu hatujawahi kukiona lakini tunakitegemea kila siku: ile sehemu ya mfumo ambayo imewekwa iwe ya kusomwa tu, isiandikwe. Leo tunaielezea, na huhitaji kuwa mtu wa kompyuta kuielewa. Kama una duka na kompyuta ya kurekodi mauzo, kuna sehemu yako huko chini, na labda hiyo ndiyo itakusaidia zaidi.

Bango na daftari

Kompyuta yoyote, na simu ni kompyuta, hupanga faili zake kama mti. Kuna mzizi mmoja, na kila folda inatokea hapo. Kwenye Linux, ambayo ndiyo iko chini ya Android, mzizi huo huandikwa kwa mstari mmoja tu ulioinama, /, na watu wa fani huuita ruti. Mfumo wenyewe unakaa hapo: programu za kuwasha mashine, za kuendesha skrini, za kuongea na mtandao. Kila mashine ikiwaka, lazima ipachike diski kwenye mti huo kabla ya kuitumia, na wakati wa kupachika inaamua jambo moja kubwa. Je, sehemu hii itasomwa na kuandikwa, au itasomwa tu?

Neno ruti lina maana ya pili, na hapa ndipo watu huchanganyikiwa. Pia ni jina la yule mtumiaji mwenye mamlaka yote ndani ya mashine, ambaye hakuna mlango unaofungwa mbele yake. Fundi akisema "nitairuti" anamaanisha hiyo ya pili: anajipa yale mamlaka yote ili aweze kuandika kwenye sehemu ambayo iliwekwa ya kusomwa tu.

Fikiria kibanda cha wakala. Ukutani kuna bango la ada, limechapishwa na kuwekwa nyuma ya kioo. Mezani kuna daftari la miamala. Daftari linaandikwa kutwa nzima, mpaka kurasa zinachakaa. Bango, wewe mteja unalisoma, wakala analisoma, lakini hakuna anayelishikia kalamu. Sasa fikiria kila anayeingia angekuwa na ruhusa ya kuongeza sifuri moja kwenye bango. Ungeamini ada gani?

Android imepangwa hivyo hivyo. Picha zako, jumbe zako na programu unazopakua huwekwa kwenye sehemu ya data, ambayo ndiyo daftari. Mfumo uko kwenye sehemu yake, umepachikwa kwa kusoma tu, na huo ndio bango. Unaweza kupiga picha elfu moja leo na hakuna hata herufi moja ya mfumo itakayoguswa.

Stima ikipotea

Kenya hii hatuhitaji kuelezana kuhusu stima kupotea. Lakini huenda hujui kinachotokea ndani ya mashine wakati huo.

Ukihifadhi faili, hata ndogo, kompyuta haiandiki mahali pamoja. Inaandika maandishi yenyewe, inaandika kwingine ukubwa mpya wa faili, inaandika kwingine tena kwamba nafasi ile sasa imechukuliwa. Stima ikikatika baada ya hatua ya kwanza na kabla ya ya tatu, mashine ikiwaka tena inakuta hesabu hazilingani. Mifumo ya kisasa ya Linux, kama ext4, hutunza daftari dogo la kumbukumbu ili irudi na kusawazisha, na mara nyingi inafaulu. Memori kadi za bei rahisi ndizo balaa. Kadi haiwezi kufuta kipande kidogo peke yake. Inafuta fungu zima na kuliandika upya, pamoja na vitu vya jirani ambavyo hukuwa unavigusa. Stima ikikatika katikati ya kazi hiyo, kinachoharibika kinaweza kuwa faili ya mfumo ambayo hakuna aliyeifungua siku hiyo. Ndiyo maana kompyuta ndogo za Raspberry Pi, zile zinazotumia memori kadi kama diski, zina sifa ya kukataa kuwaka siku moja bila sababu inayoonekana.

Ukiweka mfumo uwe wa kusomwa tu, hakuna hatua ya katikati. Hakuna kilichokuwa kinaandikwa, kwa hiyo hakuna kilichobaki nusu. Zaidi ya hapo, kadi inadumu zaidi kwa sababu kila fungu lina idadi ya mara linazoweza kufutwa kabla halijachoka.

Data yako bado inaweza kuumia. Daftari ni daftari. Lakini kupoteza ukurasa mmoja wa daftari na kukuta kibanda chenyewe kimeanguka ni vitu viwili tofauti. Mashine ikiwaka vizuri unaweza kufungua faili zako, kuzikagua, kuona kilichopotea. Isipowaka, unaanza kutafuta fundi, na siku ya mauzo imeenda.

Sasisho nalo je, kama mfumo hauandikiki? Tangu Android 7.0 ya mwaka 2016, simu nyingi huweza kubeba nakala mbili za mfumo. Unapotumia nakala moja, sasisho linaandikwa kwenye ile nyingine kimyakimya. Ukizima na kuwasha, simu inajaribu ile mpya. Ikishindwa, inarudi kwenye ya zamani. Chromebook zilifanya hivyo kabla. Kwa hiyo chaji ikiisha katikati ya sasisho, nakala unayotumia haikuguswa.

Virusi kisichotaka kutoka

Sasa tuje kwenye pesa. Mwaka 2019 kulionekana virusi vya Android vilivyoitwa xHelper. Vilijifanya programu ya kusafisha simu, na baada ya kuingia havikuonyesha hata alama kwenye skrini. Mnamo Oktoba mwaka huo kampuni ya usalama ya Symantec ilisema vilikuwa vimeingia kwenye simu zaidi ya 45,000 katika miezi 6. Kilichowasumbua watu ni hiki: walikuwa wakifuta simu yote, ile kurisiti mpaka iwe kama ilivyotoka kiwandani, na bado xHelper inarudi.

Kwa nini? Kurisiti hufuta sehemu ya data, yaani daftari. Haigusi mfumo, kwa sababu mfumo unachukuliwa kuwa safi, si hauandikiki? Mwaka 2020 wataalamu wa Kaspersky walieleza kilichokuwa kikitendeka. Kwenye simu zenye Android 6 na 7, nyingi zikiwa za watengenezaji wa Uchina, virusi vilitumia matundu ya mfumo wa zamani kujipa mamlaka ya ruti. Kisha vikapachika upya sehemu ya mfumo, safari hii kwa kuandika, na kujinakili humo. Baada ya hapo vikafanya jambo la ujanja sana: vikabadilisha faili muhimu ya mfumo ili mtu mwingine akijaribu kuipachika sehemu ile kwa kuandika avitoe, ashindwe. Vikafuta pia programu ambazo wenye simu zilizorutiwa huzitumia kudhibiti mamlaka hayo.

Soma tena hapo. Mwizi alipoingia, kitu cha kwanza alichohitaji ni kuondoa ile kusoma tu. Kitu cha pili alichofanya ni kuirudisha, ili awe yeye peke yake mwenye kalamu. Tiba iliyobaki ilikuwa kuweka mfumo wote upya, ile ambayo mafundi huita kuflashi, na hata hapo Kaspersky walionya kwamba mifumo mingine inayopatikana mitandaoni huja na virusi tayari ndani.

Ukiiruti simu, ile kazi ya kwanza iliyomhitaji mwizi atafute tundu, wewe umemfanyia na umelipa hela.

Kwa simu ya malipo hatari ina sura yake. Kwa kawaida Android huipa kila programu chumba chake. Programu ya tochi haiwezi kuchungulia chumba cha programu ya benki. Mwenye mamlaka ya ruti anapita kuta zote: anaweza kusoma faili za programu nyingine, kusoma jumbe zenye namba za siri za muda, hata kubadilisha kile unachokiona kwenye skrini. Unaona unatuma 500 kwa mama. Kilichoandikwa nyuma ni kingine. Ndiyo maana programu nyingi za malipo na za benki huuliza kwanza hali ya simu kabla ya kufunguka. Si kiburi, na si njama ya kukulazimisha ununue simu mpya. (Najua wapo wanaoamini hivyo, hata ndani ya familia yangu.)

Vipande 524,288

Kusoma tu peke yake ni ahadi. Nani anahakikisha bango ni lile lile la jana? Hapa Android ina njia ambayo mimi naiona nzuri kuliko zote, na inafaa wanachama wa chama wanaopenda hesabu.

Mfumo unagawanywa vipande vidogo vya kilobaiti 4. Mfumo wa gigabaiti 2 una vipande 524,288. Kila kipande kinapigiwa hesabu inayotoa alama yake ya kipekee, kama alama ya kidole. Alama hizo zinakusanywa na kupigiwa hesabu tena, na tena, mpaka inabaki alama moja juu kabisa, ambayo imetiwa sahihi na mtengenezaji. Simu inaposoma kipande chochote, inapiga hesabu papo hapo na kulinganisha. Ukibadilisha herufi moja kwenye kipande kimoja, alama yake inabadilika, ya juu yake inabadilika, mpaka ile ya juu kabisa haifanani tena na sahihi. Ni kama daftari la chama ambalo jumla ya kila ukurasa inapelekwa mbele: ukichezea shilingi moja ya Januari, Desemba haitoshani.

Lakini hesabu hii inawezekana tu kwa kitu kisichobadilika. Huwezi kuweka alama ya kudumu kwenye daftari linaloandikwa kila dakika. Ni jambo dhaifu kiasi kwamba kwenye simu nyingi, kupachika tu sehemu ya mfumo kwa kuandika, bila kubadilisha chochote, kunatosha kuharibu hesabu, kwa sababu kitendo hicho chenyewe huandika tarehe ya mara ya mwisho ilipopachikwa. Baadaye sasisho rasmi linakataa kuingia, na mwenye simu haelewi kwa nini.

Faida moja zaidi, ya haraka: mfumo usioandikwa unaweza kubanwa uchukue nafasi ndogo. Huawei walitengeneza mfumo wa faili wa namna hiyo, EROFS, wakaanza kuuweka kwenye simu zao mwaka 2019. Kwenye simu yenye nafasi ndogo, hilo si jambo dogo.

Kompyuta ya duka

Wazo la kulipia mambo kwenye mashine isiyoandikika si la simu peke yake. Oktoba 2009 mwandishi wa habari wa Marekani, Brian Krebs, aliwashauri wenye biashara ndogo wanaoingia benki kwa intaneti wasitumie Windows yao ya kawaida. Alisema wawashe kompyuta kwa CD yenye Linux, wafanye miamala, wazime. Wakati huo virusi vilikuwa vikimaliza akaunti za biashara kule, na CD ilikuwa na sifa moja ambayo mwizi hawezi kuibishia: haiandikiki. Chochote kitakachoingia kinakufa ukizima.

Leo huhitaji CD. Chromebook huja ikiwa imefungwa hivyo tayari. Ukiwa na Linux, fundi anaweza kuweka neno ro kwenye mstari wa mzizi katika faili ya /etc/fstab, au atumie njia ya tabaka: mfumo unabaki wa kusomwa, na mabadiliko yote ya siku yanaandikwa juu yake kwenye RAM, kisha yanapotea ukizima. Raspberry Pi ina chaguo hilo tayari kwenye menyu yake ya mipangilio. Kwa Windows kuna programu kama Deep Freeze, ambayo inafaa sana saiba: mteja anapakua uchafu wake, anaondoka, unazima na kuwasha, na mteja anayefuata anakuta mashine ya asubuhi. Kama wewe ni wa kulipia vitu saiba, muulize mwenyewe kama anayo, na mwombe awashe upya kabla hujakaa.

Sasa onyo, na tafadhali lisome kabla hujamwita fundi. Mauzo yako lazima yabaki. Ukifunga diski yote kwa njia ya tabaka na programu ya mauzo nayo iko humo, utauza kutwa, utazima saa 2 usiku, na kesho daftari ni jeupe. Mashine haitakuonya, maana kwake kila kitu kimeenda kama kilivyopangwa. Mwambie fundi atenge sehemu ya pili ya diski, inayoandikika, ya rekodi peke yake, au rekodi zitumwe nje kwenye mtandao kila muamala unapokamilika.

Usimlipe kabla ya kujaribu. Weka faili yoyote kwenye skrini ya mwanzo, kisha rekodi muamala mmoja wa uongo wa shilingi 1. Zima, washa. Ile faili inatakiwa iwe imetoweka na ile shilingi 1 iwe bado ipo. Ikiwa ni kinyume, au vyote vimebaki, kazi haijaisha.

Kuna gharama, tusidanganyane. Sasisho haliingii lenyewe. Lazima mtu afungue mfumo, asasishe, aufunge tena, na akisahau kuufunga umerudi ulikotoka. Ripoti za makosa ambazo mashine huandika nazo hupotea ukizima, kwa hiyo kukitokea tatizo fundi ana kazi ngumu kujua lilianzia wapi. Kwa duka moja lenye kompyuta moja ya mauzo, mimi naona inafaa. Kwa kompyuta ambayo watoto pia wanafanyia kazi za shule, utachoka nayo ndani ya wiki.

Na kama siku moja kompyuta yako ya Linux, ambayo hukuifunga, inaanza ghafla kukuambia mfumo ni wa kusomwa tu na haiwezi kuhifadhi, hilo ni jambo jingine kabisa. Mashine nyingi za Linux zimewekwa zikikuta makosa kwenye diski zijifunge zenyewe ili uharibifu usiendelee. Usiizime na kuiwasha mara kumi ukitumaini itapona. Chomeka flashi na unakili rekodi zako wakati bado zinasomeka, kisha ndipo umwite fundi. Diski inaweza kuwa inakufa.

Kile ambacho hakizuiliki

Mfumo uliofungwa vizuri hautakusaidia ukimsomea mtu PIN yako kwenye simu kwa sababu amesema anapiga kutoka huduma kwa wateja. Hausaidii laini yako ikihamishwa na mwingine. Pia hauzuii programu uliyoipakua mwenyewe kutoka kwa kiungo cha WhatsApp, ile ya mkopo wa dakika 5, ukaipa ruhusa ya kusoma jumbe zako. Hiyo imeingia kwenye daftari kwa mlango wa mbele, na wewe ndiye uliyeifungulia. Habari njema ni kwamba iko kwenye daftari tu, kwa hiyo kuiondoa, au ukishindwa kabisa kurisiti simu, kwa kawaida kunaitoa. Kwenye simu iliyorutiwa hakuna anayeweza kukuahidi hivyo.

Kabla hujanunua simu iliyotumika

Mwambie muuzaji aizime na kuiwasha mbele yako, na uangalie skrini tangu mwanzo. Simu ambayo kufuli yake ya kuwashia imefunguliwa huonyesha onyo kwa sekunde chache kabla ya nembo: maandishi yanayosema kifaa kimefunguliwa na hakiwezi kuaminiwa, au kwamba mfumo wake haukaguliwi. Wauzaji wengine hukupa simu ikiwa tayari imewaka, na sababu inaweza kuwa hiyo.

Kisha fungua Play Store, gusa picha ya akaunti juu, ingia kwenye mipangilio, halafu sehemu ya kuhusu. Chini utaona kama kifaa kimeidhinishwa. Angalia pia tarehe ya sasisho la usalama kwenye mipangilio ya simu. Ikiwa ni ya miaka mingi iliyopita, matundu kama yale ya xHelper huenda bado yako wazi.

Kama tayari una simu iliyorutiwa na ndiyo hiyo hiyo yenye laini ya pesa, toa laini uiweke kwenye simu nyingine, hata kabambe, ubadilishe PIN ukiwa huko, kisha ndipo utafute mfumo rasmi wa simu yako kutoka kwa mtengenezaji au kituo chake cha huduma. Ukibadilisha PIN kwanza kwenye ile simu ya zamani, umeiandika mbele ya yule yule unayemkimbia.